Mafuta ya mimea katika injini ya dizeli: Spiriti ina nafasi yake

BEI ya dizeli inapopanda, mwenye mashine ya kusaga inayotumia mafuta hayo katika vijiji vya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hulazimika kupandisha gharama ya kusaga debe la mahindi. Mzigo huo humwangukia mwananchi mwenye debe lake. Ndiyo maana wazo la kuendesha injini kwa mafuta ya mimea, au kuchanganya dizeli na spiriti, huwavutia wengi. Jambo hilo linawezekana, lakini lina masharti, na anayeyapuuza anaweza kuiua injini au kuunguza kibanda chake.

Wazo lenyewe si geni. Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900, injini ya aina iliyobuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mwaka 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels, Ubelgiji, alipata hataza ya kuyageuza mafuta ya mimea kuwa nishati kwa kutumia spiriti. Mwaka uliofuata, basi la abiria lilitumia nishati hiyo, iliyotokana na mawese, kati ya miji ya Brussels na Louvain.

Tatizo la mafuta ghafi ni uzito wake wa kutiririka, yaani mnato. Mafuta ya alizeti au ya mbono yana mnato unaofikia mara 10 ya ule wa dizeli. Nozeli hushindwa kuyanyunyiza kama ukungu, hivyo hayaungui yote. Masizi hujijenga kwenye nozeli na ringi za pistoni, na mabaki huteremka na kuharibu oili ya injini. Injini za zamani za mwendo wa polepole huvumilia zaidi, hasa mafuta yakichujwa na kupashwa moto kwanza. Injini za kisasa za magari hazivumilii.

Dawa ya mnato ni kuyageuza mafuta kuwa biodizeli, na hapo ndipo spiriti inapopata kazi yake. Kwa kawaida hutumika methanoli pamoja na kostiki soda kidogo ya kuharakisha mgeuko. Kilo 100 za mafuta huhitaji kilo 11 hivi za methanoli, ingawa watengenezaji huongeza zaidi ili mgeuko ukamilike. Hupatikana karibu kilo 100 za biodizeli na kilo 10 hivi za gliserini, ambayo hutuama chini na kuondolewa. Mafuta yakiwa na maji, hutoka sabuni badala ya biodizeli. Methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, na hushika moto upesi. Kazi hiyo haifai jikoni wala karibu na watoto.

Kumimina spiriti moja kwa moja kwenye tangi la dizeli ni jambo jingine. Ethanoli haijiwashi kirahisi kwa mgandamizo, ambao ndio uhai wa injini ya dizeli. Ikikutana na maji au baridi, hujitenga na dizeli. Hatari kubwa zaidi ni moto: mvuke wa ethanoli huweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 13 tu, wakati wa dizeli huhitaji zaidi ya nyuzi 50. Gongo, ambayo ina maji mengi, haifai kabisa.

Biodizeli iliyosafishwa vizuri huweza kuchanganywa na dizeli. Mchanganyiko wa asilimia 5 hadi 20 ndio uliozoeleka duniani. Mwanzoni huyeyusha uchafu wa tangi, hivyo filta hubadilishwa mapema. Mipira ya asili ya mabomba huharibika nayo. Biodizeli ya mawese huganda upesi, jambo la kuangaliwa katika baridi ya nyanda za juu za Tarime.

Swali linalobaki ni mafuta yatoke wapi. Alizeti ni chakula, na lita yake kwa kawaida huuzwa ghali kuliko dizeli. Mbono kaburi, unaopandwa kama uzio kwa kuwa mifugo haiuli, hauliwi na watu pia, kwani mbegu zake ni sumu. Zinahitajika kilo 4 hadi 5 za mbegu kupata lita moja. Huko Engaruka, wilayani Monduli, mafuta ya mbono yaliwahi kuendesha mtambo wa kijiji. Lakini wilayani Kisarawe, mradi wa kampuni ya Sun Biofuels, uliochukua zaidi ya hekta 8,000 kwa kilimo cha mbono, ulikwama mwaka 2011, na wanavijiji wakabaki bila ardhi yao na bila ajira walizotarajia. Mwaka 2010 Serikali ilikuwa imetoa mwongozo kuhusu nishati ya mimea.

Kwa Tarime na Serengeti, njia isiyogusa shamba la chakula ni mbono wa uzio na mafuta yaliyokwisha kukaangia, yakikusanywa kutoka mijini na katika hoteli za kitalii. Kiasi chake si kikubwa. Mwenye mashine anayetaka kujaribu aanze na injini kuukuu, na apige hesabu ya methanoli, filta na kazi ya mikono kabla ya kuilinganisha na bei ya dizeli.