Safu ya DB2, kigeu cha COBOL na laki iliyopotea

Wengi wenu huniuliza mbona najua COBOL. Ni hivi: kazi yangu ya kwanza hapa Nairobi ilikuwa kutunza programu za chama kimoja cha akiba na mikopo. Programu ziliandikwa kwa COBOL, data ikikaa kwenye DB2. Wiki yangu ya tatu nilichapisha taarifa za wanachama, na mama mmoja akaandikiwa deni la shilingi 25,000. Deni lake halisi lilikuwa 125,000. Laki nzima ilitoweka na tarakilishi haikulalamika hata kidogo.

Ili mwone ilikopotelea, turudi nyuma kidogo.

COBOL ilibuniwa na kamati huko Marekani mwaka wa 1959, ikikopa mengi kutoka FLOW-MATIC, lugha ya Grace Hopper. Ilitengenezewa hesabu za biashara, na hilo linaonekana. Humo hutangazi tu kwamba kigeu, yaani ile sehemu ya kumbukumbu uliyoipa jina, ni namba. Unachora sura yake tarakimu kwa tarakimu. PIC S9(7)V99 maana yake ni ishara, tarakimu saba, nukta ambayo haihifadhiwi popote, kisha tarakimu mbili za senti.

Aprili 1964 IBM ikatangaza mashine za System/360. Hizi zilikuwa na amri za kujumlisha namba za desimali moja kwa moja: tarakimu mbili katika kila baiti, na nusu baiti ya mwisho ikibeba ishara. Katika COBOL ya IBM umbo hilo huitwa COMP-3. Tarakimu zetu tisa pamoja na ishara ni nusu baiti kumi, kwa hiyo baiti tano. Faida yake? Senti kumi hubaki senti kumi. Katika namba za nukta inayoelea za msingi wa mbili, 0.1 haiandikiki kikamilifu, na jaribu kumweleza mhasibu jambo hilo siku ya kufunga vitabu!

Mwaka wa 1970 Edgar Codd, pia wa IBM, alichapisha wazo la kuweka data katika majedwali yanayohusiana. Mwaka wa 1974 wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakaeleza lugha ya kuuliza majedwali hayo, ambayo leo ni SQL. DB2 yenyewe ilitangazwa 1983. Kufikia hapo COBOL ilikuwa imeshika benki na mishahara kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna aliyetaka kuandika yote upya. Kwa hiyo SQL ikapachikwa ndani ya COBOL, kati ya maneno EXEC SQL na END-EXEC. Programu nyingine hupita kwanza na kugeuza vipande hivyo kuwa miito ya kawaida, ndipo COBOL ikusanywe. Vigeu vinavyopokea data kutoka kwenye safu za jedwali huwekewa nukta mbili mbele ya jina.

Kwa pesa, ndoa hii ilikuwa ya heri. Safu ya DECIMAL(9,2) na kigeu cha PIC S9(7)V99 COMP-3 ni baiti zilezile, kwa sababu zote mbili zilifuata umbo la mashine moja. (Hiyo 9 ni jumla ya tarakimu zote, si za kushoto pekee. Usiandike S9(9)V99.)

Kwingine kuna ujanja. SMALLINT hulinganishwa na PIC S9(4) COMP, lakini safu hiyo hufika 32,767, tarakimu tano, na picha inadai nne. Kutegemea chaguo la TRUNC wakati wa kukusanya programu, 12,345 ikihamishiwa kwenye kigeu kama hicho yaweza kuwa 2,345. COMP-5 ndiyo huheshimu biti zote. Kisha kuna NULL. COBOL haina picha ya "hatujui". Ikabidi kila safu inayoruhusu NULL ipewe kigeu cha pili pembeni, ambacho kikiwa hasi basi hakuna thamani. Ukikisahau na NULL ikaja, DB2 hukurudishia -305.

Sasa ile laki. Kigeu kilichopokea deni kutoka DB2 kilikuwa sawa kabisa, maana kilitolewa na DCLGEN, chombo kinachosoma jedwali lenyewe. Kosa lilikuwa langu hatua moja mbele. Mstari wa taarifa niliunakili kutoka programu ya zamani, ukiwa na S9(5)V99, nikauhamishia deni kwa MOVE. MOVE hupanga namba kwa nukta ya desimali na kukata chochote kinachozidi kushoto. Ningesoma safu moja kwa moja ndani ya kigeu hicho kidogo, DB2 ingekataa kwa -304. COBOL nayo ina ON SIZE ERROR, lakini ni ya hesabu kama ADD na COMPUTE. MOVE haina.

Aliyegundua ni mama mwenyewe. Alikuja dirishani na karatasi yake, akaniambia, "Mwanangu, hili si deni langu. Langu ni laki na ishirini na tano." Wanachama wengine waliodaiwa zaidi ya laki walikuwa wamepata karatasi kama hiyo. Hakuna mwingine aliyerudi.