Kauboi wa Ngerengere

Wadau, jana usiku rumu kwetu tuliangalia The Book of Eli (2010): dunia imekwisha, mtu anatembea peke yake na panga lake, kauboi mtupu. Washkaji wakasema Wazungu wanajua kubuni. Nikacheka, maana kisa cha namna hiyo kiko hapahapa chini ya Uluguru.

Kisabengo, Mzigua, alikusanya watumwa waliotoroka, akajenga Simbamwene kando ya Ngerengere. Na haohao waliokimbia minyororo wakawa wanateka wenzao. Sasa hapo steringi nani, adui nani? Stanley alipopita 1871 alikuta ukuta wa mawe wenye minara. Mtawala ni binti wa Kisabengo, anadai hongo kwa misafara. Aprili 1872 kimbunga kikaivunja Zanzibar, na huku mto ukafurika. Stanley aliporudi mwaka huohuo, ukuta wa mbele ulikuwa umezolewa pamoja na nyumba kama 50.

Mwezi ujao naenda fildi kufundisha historia. Mimi sekondari sikuwahi kulisikia jina la Kisabengo. Nami nikinyamaza, madogo watadhani dunia huisha Marekani tu. Ngoja nikaandike andalio la somo, tutaonana wikiendi.