Kifuko cha kadi ya kliniki kimetoka wapi? (Sehemu ya 3)

Leo ni zamu ya kile kifuko cha nailoni kinachobeba kadi ya mtoto. Wengi tunakiona kitu cha bure tu, ila kina historia yake.

Kabla ya hapo Afrika Mashariki ilishajua kasha jingine la kutunzia karatasi, tena chungu. Kule Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha mwanaume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 kutembea na kipande: alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara wake. Karatasi hiyo ilikaa kwenye kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Jamani, kama mbuzi na kengele yake! Mwajiri au polisi akitaka, unafungua anasoma. Harry Thuku alilipinga jambo hili, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe wakapigwa risasi. Mfumo ule ulidumu hadi 1947. Huku kwetu kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi kwenye mashamba ya mkonge. Waulizeni wazee wenu wa Tanga.

Sasa njooni kwa watoto. Mwaka 1956 daktari Mwingereza, David Morley, alifika kijiji cha Imesi-Ile, Nigeria, ambako watoto walikuwa wanakufa mno kwa utapiamlo na surua. Akatengeneza kadi ya kuchora uzito, akampa mama akae nayo nyumbani ndani ya bahasha ngumu ya nailoni. Enzi hizo taarifa za mgonjwa zilifungiwa kabatini hospitali, eti mama atapoteza. Akina mama walizitunza vizuri tu. Kadi za aina hiyo zikaenea nchi nyingi, na hizi zetu ni ndugu zake. Safari hii mwenye kasha ndiye mwenye taarifa.

Kwa hiyo nikiona kadi imefungwa kwenye kipande cha khanga, mimi sicheki. Chumba kimoja Mbagala au Tandale, masika yameingia, maji yako chini ya godoro, utaiweka wapi? Zamani tulitumia rambo, lakini imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Kifuko cha zipu kinatosha kabisa. Ila msiende kulaminisha! Nesi ataandika wapi chanjo inayofuata?

Bila kadi, mtoto wa miezi 18 anakuja na sijui kama ile surua-rubela ya miezi 9 aliipata. Najua wengine kadi ikilowa mnaogopa kufokewa, mnabaki nyumbani. Njooni hivyo hivyo, na mabaki yake, tutafute jina kwenye rejista.

Sehemu ya 4: kovu la chanjo kwenye bega la kulia.