Picha ya 1963 Si Mwisho wa Stori

Wasee wa Meru na Embu, mmeniuliza sana siriz yetu ya Mau Mau imefika wapi. Haijatoka, na kosa ni langu.

Skripti niliandika mwenyewe (niliacha chuo mwaka wa pili, muda ninao). Nilianzia msituni Mlima Kenya, nikamalizia Desemba 1963: Fildi Masho Musa Mwariama na rasta zake, amesimama na Jomo Kenyatta. Hiyo picha mnaijua. Nikaona hapo muziki upande, watu walie, imeisha.

Nikaenda Meru kumsomea shosho. Alisikiliza yote, akauliza swali moja tu: "Na Baimungi mmemweka wapi?"

Sikuwa nimemweka popote. Jenerali Baimungi M'Marete alipigana msitu huo huo na Mwariama. Uhuru ulipokuja alikataa kunyamaza, kwa sababu waliopigania mashamba hawakupewa mashamba. Januari 1965 akauawa na vikosi vya serikali. Serikali yetu, si ya Mwingereza.

Sasa cheki: kila sini yangu ilikuwa kweli, au karibu na kweli. Uongo ulikuwa pale nilipokata.

Huku mtandaoni tunashikana mashati juu ya makoti na bunduki. The Crown walipoonyesha Elizabeth akiwa Kenya mwaka 1952, walipigia picha Afrika Kusini. Mimi sina shida, kichaka ni kichaka. Mazungumzo pia lazima tubuni, kwani nani alirekodi walichoambiana usiku kwenye baridi ile? Hata mhusika mzima naweza kubuni, mama wa kupeleka chakula msituni, kwa sababu akina mama kama hao walikuwepo. Lakini kuruka kifo cha mtu ili mtazamaji alale vizuri, hapo sijabuni kitu. Nimeficha.

Beshte yangu wa kamera anasema tukiweka 1965 hakuna mdhamini atatugusa. Pengine ni kweli. Nilimwambia aende yeye akamweleze shosho.

Episodi ya mwisho nimeiandika upya. Sasa natafuta jamaa wa kuigiza Baimungi, mwenye Kimeru kizito, si hiki chetu cha stejini. Kama unamjua, niandikie.