Uzito wa Silaha katika Maweni ya Bwejuu

Anayetaka kujua bunduki ya msituni iwe na uzito gani aanze na ardhi, ndipo aje kwenye chuma. Nyuma ya minazi ya Bwejuu nchi ni maweni: jiwe la matumbawe lenye ncha za kukata nyayo, mashimo yaliyofunikwa na majani, na kichaka kisichomruhusu mtu kuona zaidi ya hatua chache. Windo lenyewe ni dogo. Paa nunga, aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1918 kwa jina la Dkt. Aders wa serikali ya Unguja, ana kilo 7 hadi 12, na paa wa kawaida hamfikii. Kwa mnyama anayechomoka karibu na miguu na kupotea kabla mkono haujainuka, gobori la kilo 4 na zaidi ni mzigo tu. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, wasasi wa Unguja walishikilia nyavu, mbwa na mkuki. Mzigo waliugawana, na mbio wakawaachia mbwa. Tena wavu ulimzuia paa akiwa hai, akawahiwa kwa kisu na bismillahi, nyama ikaliwa bila shaka moyoni.

Atasema mtu kwamba walikosa bunduki tu. Lakini mji wa Unguja ulikuwa soko kuu la silaha: mwaka 1888 balozi wa Uingereza, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 hupita pwani hii kwenda bara kila mwaka. Bei iliweza kumshinda mkulima, nakubali, na Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana silaha za kisasa ukaacha gumegume na baruti ya kawaida. Hata hivyo, gobori lilipowafikia wasasi, mbwa waliendelea kutangulia. Mwingine atamtaja Bell, aliyeua tembo Karamoja, Uganda, kwa bunduki nyepesi ya milimita 7. Sawa, ila Bell alikuwa na uwanda wa nyasi na nafasi ya kulenga ubongo. Maweni hayatoi nafasi hiyo.

Nguruwe mwitu ndiye aliyelipa gobori kazi ya kweli. Ana nguvu za kupasua wavu, hugeuka na kumrarua mbwa, na anayelinda mihogo yake hahitaji kumkuta hai, kwa kuwa haliwi. Kwa huyo msasi alikubali kubeba chuma kizito, akakishindilia baruti tangu nyumbani, akasimama penye njia ya mnyama kungoja mbwa wamlete.