Upande wa Pili wa Santuri

Ukipata ile santuri ndogo ya 45 iliyotengenezwa Nairobi miaka ya 70, soma karatasi ya katikati. Mara nyingi utakuta wimbo ni ule ule pande zote mbili: huku Part 1, kule Part 2. Msikilizaji wa leo anaweza kudhani ni ujanja wa kuuza wimbo mmoja mara mbili. Wapi!

Sauti ya santuri inakaa ndani ya mfereji mwembamba unaojizungusha kutoka ukingoni hadi katikati. Besi nzito inataka nafasi. Ukibana dakika nane kwenye upande mmoja wa sahani ya inchi saba, lazima ushushe sauti, na nani anataka kucheza dansi na wimbo unaonong'ona? Basi wimbo ukakatwa katikati. Waimbaji wanamaliza maneno yao upande wa kwanza, wewe unainuka, unageuza, halafu magitaa yanaachiliwa. Mashabiki wa benga na rumba wanalijua hili vizuri: sherehe yenyewe iko upande wa pili.

Mimi niliingilia mlango wa funk. Ninazokusanya zaidi ni zile za Wakenya walioimba kwa Kiingereza, na kila nikizitaja kuna mtu wa kuniambia ati hiyo ni James Brown ya kukopa. Labda. Lakini gitaa la umeme nalo lilikopwa, na hakuna anayeinyima benga uraia kwa sababu hiyo. Hizi bendi zilikuwa na kazi ya kufanya. Pwani kulikuwa na hoteli na watalii, Nairobi kulikuwa na vilabu na vijana wenye suruali pana. Slim Ali na Hodi Boys, watu wa Mombasa, waliimba soul kama wamezaliwa nayo. Air Fiesta Matata walitoka Nairobi wakafika London, wakarekodi na lebo ya President kwa jina fupi la Matata. Na kuna Ishmael Jingo. Wimbo wake, “Fever”, ukianza tu, bega linasonga kabla hujaamua.

Halafu kaseti zikaja. Mtu mwenye mashine mbili aliweza kunakili albamu nzima huku akinywa chai, na msanii asione hata ndururu. Santuri zikaishia stoo na chini ya vitanda. Nyingine walipewa watoto wachezee.

Waliokuja kuzitafuta kwa bidii wengi walitoka Ulaya. “Fever” iko kwenye mkusanyo wa Afro-Rock ambao lebo ya Strut iliutoa upya mwaka 2010. Mwaka 2013 Soundway ya London ikatoa Kenya Special. Haki isemwe, nyumbani pia kuna waliofanya kazi: Ketebul Music ya Nairobi ilitoa Retracing Kenya's Funky Hits, kitabu pamoja na muziki wenyewe. Lakini sokoni bei ya santuri zetu inapangwa na watu wa mbali. Kenyatta Market, katikati ya moshi wa nyama choma na akina dada wanaosuka nywele, kuna kibanda cha santuri, na huko utasikia bei zikilinganishwa na za Uingereza.

Jambo linaloninyima usingizi si bei. Kanda za studio za enzi hizo nyingi zilipotea, kwa hivyo anayetaka kutoa wimbo upya mara nyingi hana budi kutafuta santuri yenyewe iliyo safi, aisafishe, ainakili. Maana yake nakala iliyokuwa chini ya kitanda cha shangazi yako Buruburu inaweza kuwa ndiyo maktaba. Ikiondoka, imeondoka na wimbo.

Mwaka huu mnunuzi wa Ujerumani aliniandikia kuhusu moja niliyo nayo. Bei aliyotaja ingelipa kodi yangu ya nyumba miezi miwili, na landlord wangu si mtu wa mzaha. Sina haki ya kumlaumu: bila wageni kama yeye, huenda Jingo nisingemsikia kabisa. Lakini tuambiane ukweli, santuri ya mitumba ikiuzwa, aliyeimba hapati kitu, iwe imeuzwa Berlin au Burma. Angalau ikitolewa upya kwa mkataba, familia yake inaweza kulipwa.

Nilimjibu kwamba siuzi. Nitanakili pande zote mbili na kumtumia asikilize, na kama anamjua mtu mwenye lebo, waanze kwa kuitafuta familia ya mwimbaji. Aliuliza swali moja tu: Part 2 ina mikwaruzo? Iko nayo, karibu na mwanzo, pale gitaa linapoingia.