Mkora Aliyepitia Kwa Mumia

Kama unasoma komiki za Star Wars, Daktari Aphra unamjua. Jina kamili ni Chelli Lona Aphra. Kwa mara ya kwanza alitokea mwaka 2015 katika toleo la Darth Vader la Marvel, kazi ya mwandishi Kieron Gillen na mchoraji Salvador Larroca. Hakuwa mhusika wa filamu yoyote, lakini wasomaji walimpenda hivi kwamba kufikia mwisho wa 2016 alikuwa na mfululizo wake mwenyewe. Ni mwanaakiolojia. Anaingia kwenye makaburi na mahekalu ya kale ya sayari za mbali, anafukua silaha na vitu vya watu waliokufa zamani, anauza. Marafiki anawauza pia, bei ikiwa nzuri. Anatembea na roboti mbili zinazopenda kuua, na kila akibanwa kwenye kona, mdomo wake ndio unaomtoa.

Kwa kifupi, ni mkora. Lakini ni mkora wetu. Unajua anakosea na bado unafungua ukurasa unaofuata uone atachomokaje.

Sasa hebu tutoke kwenye galaksi ya mbali twende Mumias, kaunti ya Kakamega. Mkora wa aina hiyo alishawahi kupita pale, akiwa na udaktari halali kabisa wa historia kutoka Berlin, bunduki, na tabia ya kufungua vitu visivyo vyake. Mwishoni mwa maisha yake hata alijifanya mtaalamu wa magofu ya kale. Jina lake Carl Peters.

Mumias ya wakati huo haikuwa mji wa miwa. Kiwanda cha sukari kilikuja miaka ya 1970. Karne ya 19 pale palikuwa Elureko, makao ya Nabongo, mfalme wa Wawanga. Watu wa misafara kutoka pwani walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, na baadaye Kwa Mumia, kwa jina la mwanawe aliyerithi kiti mwanzoni mwa miaka ya 1880. Ukitoka Mombasa kwenda Buganda kupitia nchi ya Wamaasai, hapo ndipo ulipopumzika, ukanunua chakula, ukaacha mizigo na wagonjwa. Mskoti Joseph Thomson alifika mwishoni mwa 1883. Askofu James Hannington alipita Oktoba 1885, akaenda kuuawa Busoga kabla mwezi haujaisha. Wafanyabiashara Waswahili walikuwa wamezoea njia hiyo kabla ya Wazungu hao wote. Mumia aliwapokea wote. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji alipona kweli, maana wageni walikuja na nguo, shanga na, muhimu zaidi, bunduki.

Novemba 1889 ukafika msafara wa kampuni ya Waingereza, IBEA, ukiongozwa na Frederick Jackson. Wakubwa wake walikuwa wamemwambia asiingie Buganda. Kule, Kabaka Mwanga alikuwa amepinduliwa na anapigania kurudi kwenye kiti, na alikuwa anaandika barua kuomba msaada. Jackson akajikuta katikati: ameombwa aende, ameamriwa asiende. Mwishowe akaelekea kaskazini, upande wa mlima Elgon, kuwinda ndovu. Barua zilizokuja nyuma yake zikabaki zikimngoja Kwa Mumia.

Februari 1890 ndipo Daktari Peters akatokea.

Rasmi, alikuwa anamtafuta Emin Pasha, gavana Mjerumani aliyedaiwa kukwama huko ikweta. Ukweli ni kwamba Emin alishaondoka na Stanley, na Desemba 1889 walikuwa tayari wamefika Bagamoyo. Hapakuwa na mtu wa kuokoa. Peters alikuwa amekwepa manowari za Waingereza pwani, akashuka karibu na Lamu, akapanda na mto Tana, akapigana na wenyeji wa huko, akapigana na Wamaasai nyanda za Laikipia, akichoma vijiji na kuswaga mifugo njiani. Alipofika Elureko, alikuta bendera ya Kiingereza, mwenyeji mkarimu, na barua za Jackson.

Akazifungua.

Si tetesi hii. Mwenyewe aliandika hivyo katika kitabu chake kuhusu safari, na hakuona aibu hata kidogo. Ndani ya zile barua alijifunza kila alichohitaji: Mwanga yuko wapi, anataka nini, na Jackson ameitwa lakini hajaenda. Akakusanya watu wake akakimbilia Buganda. Kabla Februari haijaisha alikuwa amemfanya Mwanga atie sahihi mkataba wa urafiki na Ujerumani. Jackson aliporudi Mumias mwezi Machi akakuta bahasha zimefunguliwa na mchezo umeshachezwa. Alimfuata, lakini alipofika Buganda Peters alikuwa ameshaondoka.

Hebu kuwa mkweli. Ukisoma hivi haraka haraka, si inachekesha? Jamaa ameenda kumwokoa mtu ambaye hayupo, akasoma barua za mpinzani wake, akampiku kwa mwendo. Ni kisa cha Aphra kabisa. Na kama vile komiki inavyopenda, mwisho una pigo: tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa Heligoland na Zanzibar. Ujerumani ikapata kisiwa kidogo katika bahari ya Kaskazini, ikaachia Uganda na Witu. Mkataba wa Peters ukawa karatasi tupu. Ujanja wote ule bure.

Ila unapocheka, angalia unasimama wapi ndani ya picha. Ukisimama begani mwa Peters, ni kisa cha kusisimua. Ukisimama kwenye kijiji kimoja cha Tana kilichoachwa majivu, ni kisa kingine kabisa. Na huo ndio ujanja wa kila hadithi ya mkora mpendwa: kamera haimwachi yeye, na sisi hatumwachi yeye.

Peters alikuwa anaijua kamera hiyo vizuri. Mwishoni mwa 1884, akiwa hajafika hata miaka 30, alizunguka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami kwa wiki chache akikusanya alama za machifu kwenye karatasi za Kijerumani ambazo hawakuweza kuzisoma. Februari 1885 Bismarck akampa hati ya ulinzi, na karatasi hizo zikawa msingi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Watu wa huko hawakumwita daktari. Walimwita Mkono wa Damu.

Mwaka 1891 akapewa cheo upande wa Kilimanjaro, na kituo chake kikawa Marangu. Hapo ndipo alipomnyonga Mabruk, kijana mtumishi wake, na miezi michache baadaye Jagodja, mwanamke kijana aliyekuwa amejaribu kumtoroka. Habari zilipofika Berlin zilizimwa kwanza. Mwaka 1896 mbunge August Bebel alizisimulia bungeni, na 1897 Peters akafukuzwa kazi na kunyimwa pensheni. Akahamia London.

Na ni London ndipo akawa Aphra kamili.

Kulikuwa na homa ya dhahabu ya kale wakati huo. Wazungu walikuwa wamefika kwenye majengo ya mawe ya Zimbabwe Kuu na hawakutaka kuamini kwamba Waafrika ndio walioyajenga. Ikasemwa ni Wafoinike, ni Malkia wa Sheba, ni Mfalme Sulemani. Theodore Bent alichimba pale 1891. Mwaka 1895 ikaundwa kampuni nzima, Rhodesia Ancient Ruins, kwa kibali cha kampuni ya Cecil Rhodes, na biashara yake ilikuwa moja tu: kuingia kwenye magofu na kutoa dhahabu. Soma tena sentensi hiyo. Kampuni ya kuiba makaburi, iliyosajiliwa. Hata Marvel wangesita kidogo.

Peters akaingia kwenye homa hiyo kwa miguu miwili. Mwaka 1899 alikwenda Zambezi, na 1902 akatoa kitabu akidai kwamba eneo la Fura, karibu na mto huo, ndilo Ofiri, nchi ya dhahabu inayotajwa kwenye Biblia. Alikuwa anatafuta historia na anatafuta wawekezaji kwa wakati mmoja, na jibu la historia likatoka vile wawekezaji walivyopenda. Maana kama dhahabu ile ilichimbwa zamani na watu kutoka nje, basi mtu mwingine kutoka nje akija kuichimba leo anarudi tu kwenye mali ya familia. Mwafrika anakuwa mpangaji kwenye shamba lake.

Hapo ndipo ukora wa akiolojia unapouma kuliko wizi wa kikombe cha dhahabu. Kikombe kinaweza kurudishwa. Pale Zimbabwe Kuu, Richard Hall aliajiriwa 1902 kutunza magofu, akatupa nje tabaka baada ya tabaka za udongo akiona ni takataka za Waafrika zilizofunika kazi ya wageni wastaarabu. Udongo huo ndio uliokuwa ushahidi. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichunguza kilichobaki akasema wazi kwamba wajenzi walikuwa Waafrika, na 1929 Gertrude Caton-Thompson akathibitisha. Lakini kilichotupwa na Hall hakuna atakayekirudisha mahali pake.

Turudi Mumias, kwa sababu ni rahisi kumfanya Nabongo Mumia mwenyeji mpole aliyetapeliwa tu. Hakuwa hivyo. Mumia alikuwa mchezaji. Alijua Waingereza wana bunduki na yeye ana mahali wanapohitaji kulala. Mwaka 1895 Charles Hobley alipoenda kupigana na Wabukusu, jeshi la Wawanga lilikuwa upande wake, na ngome ya Wabukusu pale Chetambe, Webuye, ikavunjwa kwa vifo vingi. Mwaka 1909 Mumia akatangazwa chifu mkuu wa Kavirondo ya Kaskazini, na watu wake wakapelekwa kutawala jamii ambazo hazikuwahi kumwita mfalme. Ukiuliza Mumias utaambiwa alikuwa mwenye hekima. Uliza Webuye usikie. Mwaka 1947 Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa alikusanya watu pale Chetambe kuwakumbuka waliouawa, zaidi ya miaka 50 baadaye. Kuna watu hawakusahau.

Lakini Waingereza nao hawakuwa marafiki wa kudumu. Mwaka 1920 makao ya utawala yakahamishwa kwenda Kakamega. Mumia akastaafishwa 1926, akafa 1949 akiwa mzee sana. Leo kumbukumbu ya Wawanga inatunzwa Matungu, kwenye kituo cha utamaduni cha Nabongo, na makaburi ya wafalme yako hapo. Hayako kwenye kabati la kioo Ulaya, na hilo si jambo dogo. Mradi mmoja wa Wakenya na Wajerumani, uliofanya maonyesho Nairobi 2021, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyoko kwenye makavazi ya nje. Ngoma takatifu ya Wapokomo, Ngadji, ambao mto wao ndio Peters aliupanda, iko British Museum. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za kuwakumbuka wazee waliokufa, viling'olewa vikauzwa kama mapambo ya sebule. Baadhi vimerudi: viwili 2007, na vingine 30 vilifika kutoka Denver 2019. Waliovinunua hawakujiona wezi. Walijiona watu wenye macho mazuri ya sanaa.

Kwa hiyo tuache kumpenda Aphra? Hapana, wala sioni sababu. Komiki yake ina kitu ambacho maisha ya Peters hayakuwa nacho: aliowasaliti wanarudi. Wana majina, wana hasira, wanamfuata sayari hadi sayari na kumdai. Ukurasa baada ya ukurasa analipa, na anajua kwa nini analipa. Peters hakulipa hivyo. Alikufa 1918, Hitler akamsafisha jina 1937, na 1941 wakamtengenezea filamu ambamo ni shujaa aliyeonewa na waoga. Barabara moja ya Berlin, mtaa wa Wedding, ilibeba jina Petersallee hadi Agosti 2024. Sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee.

Wachoraji tunao. Frank Odoi, Mghana aliyeishi Nairobi hadi alipofariki 2012, alituonyesha kwa Akokhan na Golgoti kwamba magazeti yetu yanaweza kubeba hadithi kubwa kwa picha. Mtu achore hii. Aanze Elureko, Februari 1890: mgeni amekaa, kisu kiko kwenye bahasha, Mumia amesimama kando anamtazama na hasemi kitu. Achore na wapagazi nje wakipunguza mizigo, achore Tana ikiwaka nyuma yao. Na asiishie pale mkataba unapokufa. Aende hadi Marangu, awape Mabruk na Jagodja kurasa zao, na awaache waseme.